Maji ya bomba letu yametoka wapi? Somo la mzunguko wa maji kwa watoto na wazazi wao

Wiki hii safu yetu inawaelekea zaidi wanafunzi wa shule za msingi na wa madrasa. Tunawaomba wazazi wakae nao wasome pamoja, kwani ndani yake yamo majaribio matatu mepesi ya kufanya nyumbani, na mojawapo linahitaji moto.

Somo letu ni mzunguko wa maji. Katika vitabu vya shule somo hili huja na mchoro: pana bahari, pana jua, pana wingu, mlima na mto, na mishale inayozunguka. Mwanafunzi huukariri mchoro ule kwa ajili ya mtihani, kisha akausahau, kwa sababu hauna jina la mahali. Bahari ile ni ipi? Mlima ule ni upi? Na maji yale humfikia nani? Leo tutaupa mchoro majina. Bahari yetu ni Bahari ya Hindi. Mlima wetu ni Uluguru, ulioko Morogoro. Mto wetu ni Ruvu. Na mwisho wa safari ni bomba la nyumbani Dar es Salaam. Anayesoma akiwa Tanga, Unguja au Mombasa hatakosa faida, kwani baada ya kuielewa safari hii ataweza kuitafuta ya kwake, ajue maji anayokunywa yametoka mlima gani, au kisima chake kinajazwa na mvua ya wapi.

Maji ni yale yale

Tuanze na jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji yaliyopo duniani leo, kwa kipimo cha maisha ya wanadamu, hayaongezeki wala hayapungui. Hakuna mahali yanapotengenezwa mapya kila mvua inaponyesha. Yanazunguka tu, leo yakiwa bahari, kesho mvuke, keshokutwa mvua, kisha mto, kisha chai kikombeni mwako.

Basi ikiwa maji ni yale yale na bahari ni kubwa vile, kwa nini watu wanalia shida ya maji? Jibu limo katika hesabu hii. Chukulia kwamba maji yote ya dunia yametiwa katika bilauri 100. Bilauri kama 97 kati ya hizo ni maji ya chumvi, hayanywiki wala hayamwagilii shamba. Zimebaki bilauri 3 za maji matamu. Katika hizo, 2 ni barafu iliyoganda kwenye ncha za dunia na juu ya milima mirefu, mbali nasi. Bilauri moja iliyosalia, karibu yote imo chini ya ardhi. Na maji matamu ya mito yote na maziwa yote, tukiyajumlisha na mvuke wote ulioko hewani, hayafiki kijiko kimoja cha chai.

Kijiko hicho ndicho mwanadamu, mnyama na mche wa mahindi wanachokigombea kila siku. Nacho kingekwisha zamani, lau kama hakijazwi tena na tena. Kinachokijaza ni mzunguko wa maji. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kulisoma somo hili kwa makini.

Mvuke huondoka, chumvi hubaki

Jua linapopiga juu ya bahari, maji ya juu hupata joto, na sehemu yake hugeuka mvuke usioonekana kwa macho, ukapanda angani. Walimu huliita jambo hili mvukizo. Hutokea pia ziwani, mtoni, kwenye kanga iliyoanikwa kambani na hata kwenye majani ya miti, kwani mti hunyonya maji kwa mizizi yake na kuyatoa tena kupitia majani kama mtu anayetoka jasho.

Ajabu ya mvukizo ni kuwa hubeba maji peke yake. Chumvi huiacha. Wenyeji wa Bagamoyo wanalijua hili bila ya kusoma kitabu, maana katika mashamba ya chumvi ya pwani maji ya bahari huingizwa kwenye vidimbwi, jua likayakausha, na chumvi nyeupe ikabaki chini tayari kukusanywa. Kilichopanda juu kilikuwa maji matamu.

Jaribio la kwanza. Mzazi awe karibu. Tia maji katika sufuria, koroga chumvi ndani yake mpaka uionje ukali wake, kisha yabandike motoni na kufunika. Yakichemka, ipua sufuria, iache ipoe kidogo, kisha funua kwa uangalifu na kuinamishia ule mfuniko juu ya kikombe safi. Matone yatakayochuruzika, yakisha kupoa, yaonje. Utayakuta hayana chumvi. Ndani ya sufuria moja umeona bahari, mvuke na mvua.

Upepo hubeba, mlima hupokea

Mvuke ulioko juu ya bahari haukai mahali pamoja. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa ambazo wazee wetu walisafiri nazo kwa majahazi: kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki, na kusi, inayovuma kutoka kusini mashariki. Zote mbili hupita juu ya Bahari ya Hindi kabla ya kufika kwetu, na huja zimebeba unyevu. Pepo hizo zinapopishana ndipo aghalabu tunapata misimu yetu miwili ya mvua, masika kuanzia Machi hadi Mei, na vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba.

Sasa upepo huo wenye unyevu husafiri kuelekea bara. Baada ya tambarare ya pwani hukutana na ukuta: safu ya milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita urefu wa mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Upepo hauna njia isipokuwa kupanda. Na hewa kadiri inavyopanda ndivyo inavyopoa, takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Hewa iliyopoa haiwezi kushika mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke hujikusanya ukawa matone madogo sana, na matone hayo kwa wingi wake ndiyo ukungu na mawingu. Yakiungana na kuwa mazito, huanguka. Hiyo ndiyo mvua.

Kwa sababu hiyo upande wa mashariki wa Uluguru, unaoitazama bahari, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi. Upepo ukisha kuvuka kilele umekwisha kuutua mzigo wake. Tangu mvuke unapoondoka ardhini au baharini mpaka unaporudi kama mvua, kwa wastani hupita siku kama 9 tu. Mvua ya Ijumaa hii huenda wiki iliyopita ilikuwa bado ni wimbi.

Kazi ya msitu

Mpaka hapa safari yote imekwenda bila ya mkono wa mwanadamu. Hakuna aliyelisukuma jua wala aliyeuvuta upepo. Lakini tone likisha gusa ardhi, linaingia katika sehemu ya safari ambayo mwanadamu anaweza kuitunza au kuiharibu. Hapa ndipo pa kusimama na kutafakari.

Tone likianguka juu ya msitu, hupokewa kwanza na majani, nguvu yake ikavunjika. Kisha hudondoka juu ya majani makavu na mboji, ambayo hunyonya maji kama sifongo. Mizizi imeufungua udongo, na maji huzama polepole, yakapita chini kwa chini, yakaja kutokeza mbali kama chemchemi. Maji yaliyozama wakati wa masika hutoka kidogo kidogo, hata mwezi wa Agosti, ambapo hakuna mvua, kijito bado kinatiririka. Msitu hauzidishi maji yaliyoanguka. Kazi yake ni kuyaweka akiba na kuyatoa kwa kipimo.

Tone likianguka juu ya mteremko uliokatwa miti au kuchomwa moto, mambo huwa mengine. Hupiga udongo mtupu, udongo ukajifunga, na maji yakakosa pa kuzama. Hushuka kwa kasi, yamebeba tope na mbolea ya shamba. Siku hiyo mto hufurika na kuwa mwekundu, na baada ya wiki chache huwa mwembamba. Mvua ni ile ile, lakini mteremko mmoja umetoa mto wa mwaka mzima, na mwingine umetoa mafuriko ya siku mbili na ukame wa miezi mitatu.

Jaribio la pili. Chukua masinia mawili. Katika moja tandaza udongo mtupu, na katika jingine weka bonge la udongo lenye majani na mizizi yake. Yainamishe yote kwa kuyaegemeza juu ya tofali, na chini ya kila moja weka bakuli. Mimina maji kikombe kimoja kimoja juu ya kila sinia. Tazama maji yapi yametangulia kufika, yapi ni mengi zaidi, na yapi ni masafi. Mwulize mtoto: wewe ungependa kunywa bakuli lipi?

Kutoka mlimani hadi bombani

Vijito vya Uluguru hukusanyika na kuwa Mto Ruvu, ambao hupokea pia maji ya mito mingine kama Mgeta na Ngerengere. Mto huo huteremka kuelekea mashariki ukapita katika Mkoa wa Pwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kabla haujafika baharini, maji yake huchotwa mahali pawili, Ruvu Juu na Ruvu Chini. Hapo huingizwa katika mitambo, tope likatulizwa, yakachujwa na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, kisha yakasukumwa kwa mabomba makubwa hadi Dar es Salaam na miji ya jirani. Mitambo ya Ruvu Juu ilijengwa kuweza kutoa lita milioni 196 kwa siku, na ile ya Ruvu Chini lita milioni 270. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji lile hutoka katika mto huu mmoja.

Wasomaji wetu wa Dar es Salaam hawajasahau mwisho wa mwaka 2022. Mvua zilichelewa, kina cha Ruvu kikashuka, na mgao wa maji ukatangazwa. Mitambo ilikuwepo, mabomba yalikuwepo, watu wa kulipa ankara walikuwepo. Kilichokosekana ni maji mtoni. Katika nyakati kama zile dumu la lita 20 hupanda bei, na mwenye kipato kidogo ndiye hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye tangi kubwa nyumbani. Mtoto huamshwa alfajiri akapange foleni, akaingia darasani amechoka. Kwa hiyo mshale mmoja ukipungua katika ule mchoro wa kitabuni, kuna mtoto anayekosa somo.

Mwenye jembe na mwenye bomba

Wengine wakisikia habari hii hukimbilia kumlaumu mkulima wa mlimani: anakata miti, analima kwenye miteremko mikali. Tusiharakishe. Mkulima wa Uluguru ana watoto wa kulisha kama sisi. Ndizi na mboga anazolima mara nyingi huliwa mjini, na mkaa unaotoka misituni huwashwa katika majiko ya mjini. Sisi tulioko chini tunavuna faida ya msitu wake kila tunapofungua bomba, wala hatumjui jina.

Miaka ya mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2010 ulifanyika mradi wa kufikirisha upande wa Kibungo, huko Uluguru. Wakulima walilipwa ili watunze ardhi kwa namna inayohifadhi maji: kuchimba matuta ya ngazi, kupanda miti, kuacha majani kwenye mipaka ya mashamba. Fedha hizo zilitokana na watumiaji wa maji walioko chini. Wazo lake ni la haki kabisa. Aliye juu anatunza, aliye chini anachangia gharama ya utunzaji, na mto unabaki hai kwa wote wawili. Maji ni amana inayopita mikononi: mtu wa juu anampokeza wa kati, na wa kati anampokeza wa chini.

Na wewe uliye mjini pia una mtu aliye chini yako. Maji uliyoyatumia hayakupotea. Mengine huzama ardhini kupitia mashimo ya vyoo, mengine hufuata mitaro mpaka Mto Msimbazi na kuingia baharini, yamebeba kila tulichokitupa ndani yake. Kumbuka lile jaribio la sufuria. Mvukizo utayainua tena maji yakiwa matamu, lakini kama unavyoiacha chumvi, ndivyo unavyouacha na uchafu. Utabaki pale pale kwenye mikoko, kwa samaki na kwa mvuvi.

Maji yaliyofichika

Lipo fungu jingine la safari lisiloonekana, nalo ni la maji yaliyozama. Takriban miaka 1,000 iliyopita, mwanahisabati wa Kiislamu Al-Karaji, aliyefanya kazi Baghdad, aliandika kitabu kizima juu ya namna ya kuyatafuta na kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, akieleza vipimo na ufundi wa kuchimba mifereji ya chini kwa chini. Na aya ya mwisho ya Surat Al-Mulk, sura ambayo watoto wengi wa madrasa wameihifadhi, inawaelekezea wanadamu swali kuhusu maji yao kuzama ardhini. Mwalimu akiifikia aya hiyo, na awapeleke wanafunzi wake kisimani.

Katika pwani, maji matamu ya chini ya ardhi hukaa juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Mvua ikizama vya kutosha, maji matamu husukuma chumvi mbali. Watu wakivuta kupita kiasi, chumvi hupanda, na kisima kilichokuwa kitamu huwa hakinyweki. Kukirejesha huchukua muda mrefu. Kwa hiyo ua uliosakafiwa saruji kona hadi kona, usioacha hata shubiri moja ya udongo wa kunywa mvua, nao unapunguza akiba ya kisima cha jirani.

Mtoto afanye nini?

Mtoto hawezi kupanda msitu Uluguru wala kujenga bwawa. Lakini yapo anayoyaweza leo.

Jaribio la tatu ni hili. Weka ndoo chini ya bomba, kisha tawadha kama ulivyozoea. Ukimaliza, pima maji yaliyomo ndooni kwa chupa ya lita moja. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, yaani kibaba, ambacho kwa vipimo vya leo hakifiki lita moja. Linganisha na ndoo yako. Siku ya pili tawadha kwa kutumia kopo au birika, upime tena. Andika tarakimu zote mbili katika daftari, kisha zidisha tofauti yake kwa mara 5 za swala, kwa idadi ya watu wa nyumbani kwako, na kwa siku 30. Utapata hesabu ambayo hakuna mwalimu aliyekuambia, umeivumbua mwenyewe.

Pili, bomba linalovuja nyumbani, shuleni au msikitini, mjulishe mkubwa siku hiyo hiyo. Tatu, kinga maji ya mvua kutoka paani, uyatumie kufulia, kudekia na kumwagilia. Nne, usitupe taka katika mtaro, kwani mtaro ni tawi la mto. Tano, ukipanda mti, umwagilie mpaka uimarike, maana mti uliokufa baada ya wiki mbili hauna kivuli wala mizizi.

Maswali ya kujipima

Kwa nini maji ya mvua hayana chumvi ilhali mengi yametoka baharini? Kwa nini upande wa mashariki wa Uluguru hupata mvua zaidi? Mto unawezaje kuwa na maji katika mwezi usio na mvua? Na bomba au kisima cha nyumbani kwako kinapata maji kutoka wapi? Swali hili la mwisho halina jibu katika safu hii. Mwulize babu, bibi au mwalimu wako, kisha uchore mchoro wa mzunguko wa maji wenye majina ya kwenu.

Wazazi, mchoro huo uwekeni ukutani. Mtoto anayejua jina la mto anaokunywa maji yake ataona uchungu siku atakaposikia mto huo umekauka, na huenda akikua akawa mmoja wa wale wanaouzuia usikauke. Tunamuomba Allah atujaalie mvua zenye manufaa na atuwezeshe kuitunza amana hii. Wabillahi tawfiq.